Kabla hujaandika "skauti" kwenye picha ya zamani

Ukianza kazi ya kutambua picha za zamani, iwe makumbusho, maktaba ya chuo au sanduku la picha la ukoo wenu, neno litakalokujia haraka kuliko mengine ni "skauti". Unaona vijana wamejipanga mstari, kaptula zimenyooshwa, skafu shingoni, soksi zimepandishwa hadi magotini, na mkono unataka kuandika. Uzuie kwanza. Vijana wenye sare Afrika Mashariki walikuwa wa namna nyingi. Skauti wapo Kenya tangu 1910, lakini kuna pia Girl Guides (skauti wa kike), Boys' Brigade ya makanisa, Msalaba Mwekundu, Watafuta Njia wa Waadventista Wasabato, Umoja wa Vijana wa TANU, chama cha Tanganyika, na ule wa ASP, chama cha Zanzibar, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la Tanganyika tangu 1963 na Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) ya Kenya tangu 1964. Kwa mbali wanafanana sana. Jina la makosa likishaandikwa hunakiliwa kutoka daftari hadi kompyuta, kisha kitabuni, na kulifuta huko kote ni kazi kubwa.

Skafu peke yake haitoshi, kwa sababu vikundi vingi viliivaa. Tafuta beji. Skauti wana ua la yungiyungi lenye ncha tatu, Girl Guides wana jani lililogawanyika mara tatu, Boys' Brigade wana nanga. Skani picha kwa nukta 1200 kwa inchi, kisha ukuze kifua, kofia na bizimu ya mkanda. Skani na upande wa nyuma pia, hata ukiona ni mtupu: mhuri hafifu wa studio mara nyingi huonekana ukiongeza giza kwenye skrini.

Rangi usizikisie. Filamu nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 hazikuhisi mwanga mwekundu, kwa hiyo skafu nyekundu ilitoka nyeusi na ya buluu ikatoka nyeupe. Andika "skafu nyeusi pichani", usiandike "skafu nyeusi".

Bendera ndiyo ninayoipenda kuliko ushahidi mwingine wote, maana hata picha isiyo na rangi husema. Tuseme nyuma ya vijana kuna bendera ya mistari mitatu ya mlalo, yote inaonekana ya giza. Bendera ya Tanganyika ilikuwa kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini, na baina yake mistari myembamba ya njano. Bendera ya TANU ilikuwa na mpangilio uleule bila njano. Kwa hiyo kuza picha utafute vile vistari vyepesi. Ukivipata, una bendera ya nchi, na picha haijatangulia Desemba 1961. Usipovipata, huenda ni bendera ya chama, nayo ilipepea hadi TANU na ASP zilipoungana kuwa CCM, Februari 1977. Ukiona mistari imekwenda kishazari, hiyo ni Tanzania, kuanzia 1964.

Angalia nilivyosema "haijatangulia" na "kuanzia". Kitu kilichomo pichani hukupa mwaka wa mapema kabisa, lakini hakikupi mwisho. Picha ya skauti wakiwa kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, pale Nyeri, Kenya, lenye alama ya duara na nukta katikati, haiwezi kuwa ya kabla ya 1941; lakini yaweza kuwa ya 1950 au ya mwaka jana. Vivyo hivyo kofia za ukingo mpana: sare ikibadilishwa London, kikundi cha shule ya bara kiliendelea kuvaa zilizopo mpaka zichakae.

Kisha nenda kwa wazee. Usimwonyeshe mzee picha ukisema, "Shikamoo babu, hawa si ndio skauti wa hapa?" Kwa heshima yake kwako atakubali, na wewe utaondoka na jibu lako mwenyewe. Mpe picha, nyamaza, halafu uliza, "Hapa ni wapi?" Watu huanza na jengo au mwembe, kisha ndipo majina yanakuja. Picha za Unguja na Pemba za kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964 zinataka uangalifu zaidi. Vyama vilikuwa na vijana wao, na kumtia marehemu wa watu katika chama ambacho hakuwa wake ni kuwaumiza waliobaki. Huko, bila mashahidi wawili walioulizwa kila mmoja peke yake, mimi siandiki jina la kikundi.

Kabla ya kuhesabu "wa tatu kutoka kushoto", hakikisha picha haikuchapwa kinyume. Soma maandishi yoyote yaliyomo. Kama hayapo, tazama shati: la kiume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia, kwa mvaaji. Asiyejulikana muandike hivyohivyo, "mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto, hajatambuliwa", na uache nafasi ya jina.