Kabla Hujalifungua Kabati la Picha: Ushauri kwa Anayetaka Kutafiti Eksirei za Meno na Taya

Kila mwaka, msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti unapokaribia, madaktari wa kinywa na meno walio katika masomo ya uzamili hunijia na wazo linalofanana: hospitali ina maelfu ya eksirei za taya zilizokwisha kupigwa, hakuna haja ya kumtafuta mgonjwa wala kununua vifaa, kwa hiyo utafiti utakuwa mwepesi na wa gharama nafuu. Kuhusu gharama, hawajakosea. Kuhusu wepesi nina mengi ya kusema, kwa kuwa nami nilipita njia hiyo nilipokuwa mwanafunzi, na tangu nilipoanza kusimamia wengine nimesoma tasnifu kadhaa zenye majedwali safi yaliyojengwa juu ya picha mbovu. Ushauri wangu mkuu ni mmoja, na yote yafuatayo yanatokana nao: kaa na picha kwanza, uelewe zinaweza kujibu nini na haziwezi kujibu nini, ndipo uandike swali la utafiti.

Picha iliyojaa katika makabati na kompyuta za kliniki zetu ni ile tunayoiita OPG, inayoonyesha mataya yote mawili kutoka sikio hadi sikio. Mbinu hiyo ilikuzwa nchini Ufini na Yrjö Paatero katika miaka ya 1940 na 1950, na kanuni yake haijabadilika sana hata katika mashine za kidijitali. Chanzo cha mionzi huzunguka upande wa nyuma ya kichwa huku kipokezi kikizunguka upande wa uso, na mwendo wa viwili hivyo hupangwa ili tabaka moja tu, lenye umbo la upinde wa meno, litoke wazi. Chochote kilicho nje ya tabaka hilo hufifia. Kisha upinde huo hulazwa bapa kama mkeka uliokunjuliwa, na hapo ndipo tatizo la vipimo linapoanzia. Kwa kawaida kitu huonekana kikubwa kuliko kilivyo kwa asilimia 20 hadi 30, na ukuzaji huo haulingani kwa wima na kwa ulalo, wala haufanani kati ya meno ya mbele na magego. Kipandikizi, yaani skrubu inayofungwa mfupani ili ishike jino la bandia, chenye urefu wa milimita 10 kinaweza kusomeka milimita 12 au 13, na ikiwa mgonjwa alisimama vibaya, upana wake hauaminiki kabisa.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anaponiambia kwamba atapima kimo cha mfupa wa taya katika OPG za miaka mitano iliyopita, swali langu la kwanza ni kama kuna kitu chenye ukubwa unaojulikana ndani ya picha hizo, kwa mfano gololi ya chuma ya milimita 5 iliyowekwa kinywani wakati wa kupiga, au kipandikizi ambacho urefu wake umeandikwa kwenye faili. Kama hakuna, na kama mashine yenyewe ilibadilishwa katikati ya kipindi hicho, milimita atakazoziandika hazitakuwa na maana. Vivyo hivyo, anayetaka kuhesabu uozo unaoanzia kati ya jino na jino hapaswi kutumia OPG, kwa sababu mataji ya meno hupandana katika picha hiyo. Kazi hiyo ni ya picha ndogo ya ndani ya kinywa ambayo mgonjwa huing'ata, inayoonyesha mataji ya juu na ya chini kwa pamoja.

Yapo maswali ambayo OPG huyajibu vizuri. Mkao wa gego la tatu la chini lililoshindwa kuota ni mfano mzuri, kwa kuwa mfumo wa uainishaji wa Winter wa mwaka 1926 na ule wa Pell na Gregory wa mwaka 1933 hutegemea mwelekeo na nafasi, si milimita. Uhusiano wa mizizi ya gego hilo na mfereji wa neva ya taya la chini nao unaweza kutafitiwa, na hapa ninawaelekeza wanafunzi kwenye kazi ya Rood na Shehab ya mwaka 1990, iliyochunguza dalili saba za kwenye picha na kuonyesha kwamba tatu kati yake ndizo zilizohusiana zaidi na kuumia kwa neva wakati wa kung'oa: kiza kinachopita juu ya mzizi, kukatika kwa mstari mweupe wa ukuta wa mfereji, na mfereji kupinda. Ninaipenda mada hii kwa sababu jibu lake humsaidia daktari anayeshika koleo kesho asubuhi. Ukadiriaji wa umri kwa meno nao unafaa, ila unataka uangalifu: mbinu ya Demirjian ya mwaka 1973, inayogawa ukuaji wa meno saba ya upande wa kushoto wa taya la chini katika hatua nane, ilitengenezwa kwa watoto wa Kanada wenye asili ya Kifaransa, na katika jamii nyingi ilikojaribiwa imeelekea kuwaongezea watoto umri. Kuijaribu kwa watoto wetu ambao tarehe zao za kuzaliwa zina uthibitisho ni kazi yenye faida. Kuitumia kumhukumu kijana asiye na cheti cha kuzaliwa, kabla ya kuijaribu hivyo, ni jambo lingine.

Swali likishapatikana, usianze kuhesabu. Chukua picha chache bila kuchagua, uzitazame kwa ajili ya ubora peke yake, ukisahau ugonjwa kwa muda. Mgonjwa aliyeinamisha kidevu mno hutoa picha yenye upinde wa meno uliozidi kujikunja juu kama tabasamu, na mizizi ya meno ya mbele ya chini hupotea. Aliyesogea mbele kupita kiasi hutokea na meno ya mbele membamba yaliyofifia, na aliyebaki nyuma hutokea na meno mapana. Asiyebandika ulimi kwenye kaakaa huacha utepe wa hewa, mweusi, juu kidogo ya meno ya juu, nao huzifunika ncha za mizizi mahali hasa ambapo msomaji anatafuta jipu la mzizi. Shingo iliyolegea huleta kivuli cheupe cha uti wa mgongo katikati ya picha. Mambo haya mpigaji picha anaweza kuyazuia kwa dakika moja ya maelekezo, lakini wewe unayesoma picha za zamani huna tena mgonjwa wa kumwelekeza. Unachoweza ni kuamua mapema picha ipi itatolewa na kwa kigezo gani, kisha kuripoti idadi ya zilizotolewa na sababu zake.

Hereni zinastahili kutajwa peke yake. Hereni ya sikio la kushoto ikiachwa, huonekana mara mbili: mara ya kwanza mahali pake, na mara ya pili upande wa kulia, juu zaidi, ikiwa kubwa na yenye ukungu, mara nyingi karibu na uwazi wa hewa ulio ndani ya taya la juu. Nimewahi kuwasikiliza wasomaji wawili wazoefu wakibishana kwa heshima kubwa kuhusu asili ya weupe wa namna hiyo, mmoja akidai ni mfupa uliokua isivyo kawaida, mwingine akidai ni mzizi uliosukumwa ndani ya uwazi huo, hadi fundi wa eksirei aliyekuwa akipita akaelekeza kidole kwenye sikio la upande wa pili. Tangu hapo ninashauri kila timu ya utafiti iwe na fundi wa eksirei ndani yake, ashiriki tangu pendekezo linapoandikwa, na jina lake liwemo kwenye makala itakayochapishwa, badala ya kushukuriwa kwa mstari mmoja mwishoni.

Usomaji wenyewe unahitaji mafunzo na upimaji. Wasomaji wawe wawili angalau, wasome kila mmoja peke yake, katika chumba chenye mwanga hafifu na kwenye skrini ileile, na sehemu ya picha isomwe tena baada ya majuma mawili au zaidi ili ijulikane kama msomaji anakubaliana na nafsi yake. Makubaliano yao yapimwe kwa kapa, kipimo alichokieleza Cohen mwaka 1960, ambacho huondoa yale makubaliano yanayoweza kutokea kwa bahati tu. Wengi hutumia viwango vya Landis na Koch vya mwaka 1977, ambavyo huhesabu 0.61 hadi 0.80 kuwa makubaliano makubwa na zaidi ya hapo kuwa karibu kamili. Tatizo hujitokeza pale kinachotafutwa kinapokuwa adimu. Tuchukulie picha 100, kila msomaji akaona uvimbe katika picha 4, na wote wawili wakakutana kwenye picha 1 tu. Wamekubaliana katika picha 94, kwa sababu 93 wote walisema hazina kitu. Ukiandika asilimia 94 kila mtu atakupongeza, lakini kapa yake ni 0.22 hivi. Msimamizi asiyeomba kuona jedwali lenyewe la wasomaji wawili hajasimamia.

Chanzo kikubwa cha kutokubaliana, kwa nilivyoona, huwa ni fomu ya kukusanyia taarifa kuliko macho ya wasomaji. Fomu inayouliza «je, kuna ameloblastoma?», ambayo ni aina ya uvimbe wa taya, inamtaka msomaji atoe jibu ambalo eksirei haina, kwa kuwa ugonjwa huo huthibitishwa na maabara ya patholojia, na mwonekano wa vyumba vingi kama mapovu ya sabuni unaweza kutolewa na uvimbe wa aina nyingine pia. Fomu nzuri huuliza kinachoonekana: mahali, ukubwa, chumba kimoja au vingi, mpaka ulio wazi au uliofifia, mizizi iliyoliwa au iliyosukumwa. Faida ya pili ya kuandika hivyo ni kwamba majina ya magonjwa hubadilika. Ule uvimbe wa kimiminika wenye ukuta wa keratini uliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika kundi la uvimbe halisi mwaka 2005, kisha mwaka 2017 ukarudishwa katika kundi la sisti, yaani mifuko ya kimiminika. Anayehesabu uvimbe wa taya kuanzia mwaka 2000 hadi 2020 bila kuzingatia hilo ataona ongezeko na upungufu ambavyo chanzo chake ni kitabu cha uainishaji, wala si mataya ya watu.

Atakayedhani kwamba maelezo ya namna hii ni kazi ndogo, amkumbuke Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, ambaye mwaka 1958 alichapisha maelezo ya saratani iliyovimbisha mataya ya watoto. Aliandika alichokiona, akatuma maswali pamoja na picha kwa hospitali nyingi za Afrika, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakaendesha gari kutoka Kampala hadi kusini mwa bara na kurudi, kiasi cha kilomita 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani iliyotokana na kazi hiyo ilionyesha kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, na miaka michache baadaye kirusi cha Epstein-Barr kikapatikana katika seli za uvimbe huohuo. Katika eksirei za watoto wa aina hiyo, dalili moja ya mapema ni kutoweka kwa mstari mweupe, mwembamba sana, unaouzunguka mzizi wa jino. Ninawauliza wanafunzi wangu kama fomu zao zina mahali pa kuuandika mstari huo. Mara nyingi hapapo.

Kuhusu mionzi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa msimamo wangu haupindi: mgonjwa asipigwe picha ambayo tiba yake haiihitaji, ili tu sampuli itimie. Ni kweli kwamba dozi ya OPG ni ndogo, kwa kawaida kati ya mikrosivati 3 na 24 hivi, ukilinganisha na wastani wa dunia wa mikrosivati 2,400 ambazo mtu huzipata kila mwaka kutoka vyanzo vya asili. Lakini skani ya CBCT, inayotoa picha ya taya ya pande tatu, inaweza kuanzia makumi machache na kuzidi 1,000, kutegemea mashine na ukubwa wa eneo linalopigwa, na watoto huathirika na mionzi kwa urahisi kuliko watu wazima. Nimeona pendekezo lililotaka watoto wenye meno mazima wapigwe CBCT wawe kundi la kulinganishia. Lilirudishwa, na lilistahili.

Ruhusa ya kutumia picha zilizopo nayo isichukuliwe kirahisi kwa kuwa mgonjwa hayupo mbele yako. Kibali cha maadili cha chuo, na pale kinapohitajika cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) kwa Tanzania au leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) kwa Kenya, huchukua muda, hivyo kiombwe mapema. Zaidi ya hayo, sasa tuna sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya mwaka 2019 kwa Kenya na ya mwaka 2022 kwa Tanzania, na faili la DICOM, muundo wa kawaida wa kuhifadhia picha za hospitali kwenye kompyuta, hubeba jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hospitali ndani yake hata kama huvioni kwenye skrini. Kukata kona ya picha yenye jina hakutoshi. Taarifa hizo zifutwe kwa programu maalumu, kila picha ipewe namba ya siri, na orodha inayounganisha namba na majina ibaki kwa ofisa wa kumbukumbu wa hospitali, isikae kwenye kompyuta ya mtafiti.

Orodha hiyo isichomwe moto, kwa sababu itahitajika. Ukisoma mamia ya picha za zamani, utakutana na jambo ambalo hukulitafuta: kivuli cheusi chenye mpaka wazi kwenye pembe ya taya la mgonjwa aliyekuja kung'olewa jino la upande mwingine, na faili lake halina neno lolote kuhusu kivuli hicho. Pendekezo lazima liseme mapema utafanya nini, nani atapewa taarifa, na nani atampigia mgonjwa simu, kwa kuwa mtafiti asiyemjua mgonjwa si mtu sahihi wa kumpigia. Sisi hutumia fomu ya ukurasa mmoja yenye namba ya siri ya picha, upande na mahali, maelezo ya kinachoonekana bila jina la ugonjwa, tarehe ya kukabidhi, na sahihi ya daktari wa kliniki aliyeipokea. Iambatishe kwenye pendekezo kabla kamati haijakuuliza, na mkubaliane na kliniki, kwa maandishi, ni siku ngapi zinaruhusiwa kupita kati ya kusomwa kwa picha na simu hiyo.