Re: Paka mzee mwenye figo dhaifu, nimpe nyama mbichi?

Pole dada. Unauliza kama paka wako wa miaka 14, ambaye daktari wa mifugo amesema figo zimeanza kuchoka, anaweza kulishwa nyama mbichi na sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) tu. Mimi nasema hapana.

Shida kubwa ni fosforasi (aina ya madini). Figo dhaifu hushindwa kuitoa, inajaa kwenye damu na kuziumiza zaidi. Mifupa imejaa fosforasi, na sambaza unaowanunua Kadutu, sokoni Bukavu, huliwa wazima, kichwa na miiba. Hata awapende vipi, wasiwe chakula chake cha kila siku. Ubichi nao hauponyi figo. Unaleta hatari ya salmonela (bakteria wa kuharisha), kwake na kwenu mnaoishika hiyo nyama.

Kwa sasa chemsha nyama isiyo na mfupa, bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa paka), umpe pamoja na supu yake, maana maji anayahitaji sana. Lakini nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, basi isiwe ya miezi. Omba daktari apime damu yake, kreatinini (taka ambayo figo hutoa) na fosforasi, kisha mpange chakula pamoja. Usipunguze protini kwa kukisia, atakonda misuli.

Akigoma kula siku nzima, mpeleke mara moja.