Maswali ya Wasomaji: Waya Unaong'aa, Betri Mbili na Tangi la Dizeli

Swali: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu tumenunua mashua ya matanga ya faibaglasi yenye urefu wa mita 10, iliyoundwa zaidi ya miaka 30 iliyopita, na tunakusudia kuvuka bahari kuu baada ya miezi kumi. Aliyetuuzia anasema nyaya zinazoushikilia mlingoti hazina dosari, na kwa macho yetu kweli zinang'aa. Fedha tuliyobaki nayo inatosha ama kubadilisha nyaya hizo, ama kununua rada pamoja na mashine ya kuyageuza maji ya bahari yawe ya kunywa. Tuanze na lipi?

Jibu: Anzeni na nyaya. Siidharau rada, lakini mashua isiyo na rada bado ni mashua, ilhali ile iliyoangukiwa na mlingoti wake katikati ya bahari hugeuka gogo, na mlingoti huohuo, ukiwa bado umefungamana nayo kwa nyaya, huigonga ubavuni kwa kila wimbi mpaka mtu atoke kwenda kuzikata.

Mng'ao usiwadanganye. Kinachokilinda chuma cha pua ni utando mwembamba mno ulio juu ya uso wake, ambao hujirudisha kila unapokwaruzwa, mradi tu upate oksijeni. Penye hewa, waya hukaa miaka mingi ukipendeza. Pale unapoingia ndani ya kibano cha chini, maji ya chumvi yaliyotiririka kuufuata hutuama, hewa haifiki, na kutu huanza kula kutoka ndani. Shikeni kioo cha kukuzia mkikague kila kibano: ukionekana mstari mwembamba wa kahawia unaopanda wima, huo huenda ni ufa wala si uchafu. Kisha pitisheni kitambaa laini juu ya waya wote. Kikinasa mahali, uzi mmoja umeshakatika, na waya huo haufai tena hata kama nyuzi nyingine 18 ni nzima. Mafundi wengi wa milingoti huzibadilisha nyaya zikifikisha miaka 10 hivi, na nyaya ambazo hakuna anayeujua umri wake, mimi huzihesabu kuwa zimekwisha.

Mkiwa katika kazi hiyo, ng'oeni walau kimoja cha vile vyuma bapa vya ubavuni ambavyo nyaya hufungwa kwavyo. Sehemu inayopenya sitaha haionekani kutoka juu wala chini, na ndiko kinakoliwa. Hapohapo mtajua kama maji yameingia katika sitaha yenyewe, kwa maana mashua nyingi za rika hilo zina mbao nyepesi ya balsa iliyobanwa kati ya matabaka mawili ya faibaglasi. Igongeni kwa mpini wa bisibisi: penye uzima hulia kwa ukali, palipooza hutoa sauti nzito iliyofifia.

Kuna jambo ambalo hamkuliuliza, nami naliweka mbele ya rada: valvu zilizo chini ya mstari wa maji. Tundu lenye kipenyo cha milimita 38, likiwa sentimita 60 chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika, kiasi ambacho pampu ya mkono haiwezi kukishinda. Mtakapoipandisha mashua nchi kavu, kwangueni valvu kwa ncha ya kisu. Rangi ikiwa ya waridi, zinki imeshayeyuka kutoka katika shaba ya manjano na kilichobaki ni sifongo la shaba; wekeni ya bronzi. Kando ya kila valvu fungeni kizibo cha mbao kinacholingana na tundu lake. Robin Knox-Johnston, alipoizunguka dunia peke yake bila kupumzika bandarini mwaka 1968 hadi 1969, alipiga mbizi baharini akaikalafati mashua yake ya mbao iliyokuwa ikivuja kwenye maungio. Valvu iliyokatika haitoi nafasi kama hiyo.

Maji ya kunywa ni hesabu nyepesi. Watu wawili, lita 4 kila mmoja kwa siku, siku 30: lita 240, kisha ongezeni nusu yake kwa ajili ya kuchelewa. Yagawanyeni katika vyombo zaidi ya kimoja, ili tangi moja likichafuka au kupasuka msipoteze yote.

Swali: Betri zetu mbili za risasi, kila moja ya ampea-saa 100, zitaliendesha jokofu na mtambo wa umeme wa kushika usukani usiku na mchana?

Jibu: Hapana. Betri za risasi hazipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mlicho nacho ni ampea-saa 100 tu. Mtambo wa usukani unaokula wastani wa ampea 3 huzimaliza 72 kwa siku, na jokofu dogo katika bahari ya joto laweza kudai 40 au zaidi. Ningependa mfunge usukani wa bapa la upepo, ambao hauhitaji umeme kabisa na hufanya kazi vizuri zaidi upepo unapokaza.

Swali: Injini yetu ya dizeli haijawahi kuzimika karibu na pwani. Kuna haja ya kuigusa?

Jibu: Injini huenda isiwe na haja, tangi linayo. Mashapo ya miaka mingi hulala kimya chini ya tangi katika maji tulivu; mashua ikirushwa na mawimbi kwa siku mbili mfululizo huchanganyika na mafuta, chujio huziba, na injini huzimika saa ileile mnayoihitaji. Nyonyeni mafuta yote, sugueni tangi hadi chini, kisha jazeni mapya kupitia chujio. Beba machujio ya akiba yasiyopungua sita, na mfanye zoezi la kulibadilisha mkiwa bado mmefunga gatini, kwanza mchana, halafu usiku kwa tochi ya kichwani, pamoja na kutoa hewa iliyobaki katika mirija ya mafuta, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama.