"Nitakurudi" si ahadi ya jibu

Swali: Mkuu wangu wa kazi hufunga kila barua pepe ya Kiingereza kwa "kindly revert". Kitenzi hicho kina maana gani hasa? Na nikiandika kwa Kiswahili "tutakurudia", nitakuwa nimekosea? (Karani, Mombasa)

Jibu: Asili ya "revert" ni Kilatini, revertere, yaani kugeuka na kurudi ulikotoka. Kiingereza kilikipata kwa njia ya Kifaransa. Ndugu yake wa tumbo moja unamjua, ni ile rivasi ya gari. Waingereza hukitumia kwa kitu kinachorejea hali yake ya zamani, kwa mali inayomrudia mwenyewe muda wa kukodisha ukiisha, au kwa msemaji anayerudi kwenye mada aliyoiacha. Maana ya "nijibu" imestawi katika ofisi za India, Singapore na za huku kwetu. Siipigi vita, maana wanaoandikiana wanaelewana. Ila "revert back" siivumilii: kurudi kumo ndani ya neno tayari.

Linaloniuma ni hilo la pili. Ndiyo, ndugu yangu, utakuwa umekosea, na kosa hili limeenea hadi kwenye barua za taasisi kubwa.

Mwaka jana nilipeleka malalamiko katika ofisi moja. Nikaandikiwa: "Tumepokea barua yako. Tutakurudi." Nimelelewa Pwani mimi. Kumrudi mtu ni kumtia adabu. Mtoto aliyetukana wakubwa hurudiwa na mzazi wake, na anajua atakachopata. Kurudi kwa maana ya kwenda ulikotoka hakuchukui mtendwa: narudi nyumbani, narudi kazini. Ukishatia "-ku-" hapo, umeshika fimbo. Raia kaleta malalamiko, ofisi inamwahidi fimbo!

"Tutakurudia" nayo haiponyi. Malaria humrudia mgonjwa. Mwanafunzi hurudia darasa. Mwenye dhambi humrudia Mungu wake. Mteja anayengoja hati ya kiwanja yumo wapi hapo? Wengine hukimbilia "nitakurejea", wakidhani neno la Kiarabu litaleta heshima. Waswahili wana talaka rejea, ambayo mume anaweza kumrejea mkewe kabla eda haijaisha. Mwanamke aliyeachwa akisoma "nitakurejea" kutoka kwa mwanamume, ataelewa kitu kimoja tu, na hakihusu kiwanja.

Haya yote yanatokana na kuwaza kwa Kiingereza huku mkono ukiandika Kiswahili, nasi tuna kitenzi jibu ambacho hata mtoto wa chekechea anacho. Tuna kujulisha, tuna kuarifu, tuna kupa jawabu.

Kwa hiyo mkuu wako akisema "kindly revert", kwa Kiswahili andika "tafadhali nijibu". Zamu yako ya kuahidi ikifika, andika "tutakujibu", kisha utaje siku.