Hali chakula mezani, usiku anamaliza mandazi

Mama, umeuliza kwa nini binti yako wa Senior Four (kidato cha nne) anasusia matoke mezani, kisha usiku anamaliza mandazi na soda. Mimi sioni kiburi hapo. Hofu ya ghafla hufunga tumbo: homoni ya adrenalini ikipanda, njaa hukatika. Ila msongo ukikaa wiki nyingi, kama huu wa kungoja mitihani ya UNEB (baraza la mitihani la Uganda), homoni ya kortisoli huamsha hamu ya vitu vitamu na vya mafuta, na kukesha na madaftari huizidisha. Ndiyo maana rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya saa tatu usiku hawezi kuikataa.

Usifunge kabati kwa kufuli, wala usimtanie unene mbele ya shangazi zake (hilo huuma kuliko tunavyodhani). Akitoka shule mpe uji wenye karanga au yai, kabla njaa haijawa kali, na maswali ya alama yasiletwe mezani. Lakini akianza kujitapisha, kukonda haraka au kukosa hedhi, mpeleke kituo cha afya, usingoje mitihani iishe. Akitaka kuongea na mtu wa nje, 116 ni simu ya msaada kwa watoto nchini Uganda, haina malipo.