Mafaili mawili, jina moja: usifute lolote kwanza

Mbukwenyi wakuu. Mleta mada anasema laptop ya ofisini na simu yake zinatumia folda moja ya Dropbox (huduma ya kutunza mafaili mtandaoni na kuyafanya yafanane kwenye vifaa vyako vyote), na siku hizi akifungua anakuta faili la Excel limejizalia pacha: moja lina jina la kawaida, la pili limebandikwa jina la kompyuta na tarehe. Anauliza afute lipi.

Mkuu, usifute lolote. Mimi nilifuta, nikaja kuaibika mbele ya mzee wa rika la baba yangu.

Nilikuwa natunza daftari la mizani la chama kimoja cha wakulima wa zabibu huku Dodoma, upande wa Hombolo. Msimu wa Agosti kreti zinashuka mfululizo na zabibu hazingoji mtu. Kituoni kulikuwa na dada anaingiza kilo kwenye laptop, mtandao ukitaka unakuja, usipotaka basi. Mimi niko mjini na faili hilohilo, narekebisha safu ya bei. Kesho yake asubuhi alipopata mtandao, nikakuta mafaili mawili. La kwangu la saa nne usiku, la kwake la saa kumi na moja jioni. Nikajiambia jipya ndilo lenyewe, hilo jingine takataka. Nikafuta.

Siku ya malipo akaja mzee mmoja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akatoa mfukoni stakabadhi ya mzani iliyokunjwa mara nne, imelainika kwa jasho: kreti 19, kilo 361. "Mwanangu, nisomee jina langu hapo." Nikashuka orodha mpaka chini, nikapanda tena, jina hamna. Nyuma yake foleni imeshaanza kunung'unika. Kumbe watu 23 wa siku ile wote walibaki kwenye lile faili nililoliita takataka. Bahati Dropbox, hata akaunti ya bure, inatunza vilivyofutwa kwa siku 30, na siku hiyo ilikuwa ya 12. Nikaingia kwenye tovuti yao, sehemu ya vilivyofutwa, nikalirudisha. Mzee alisubiri kwenye benchi saa nzima na hakusema neno, bora hata angenifokea.

Kosa langu lilikuwa kuamini tarehe. Tarehe inaonyesha nani alihifadhi mwisho tu. Dada alikuwa na mistari 23 ambayo mimi sina, mimi nina bei ambazo yeye hana. Kila kifaa kina nakala yake. Seva, yaani kompyuta ya Dropbox huko mtandaoni, ikiona zote mbili zimetoka kwenye toleo moja na zote zimebadilika, haiwezi kuingia ndani ya Excel kuchanganya, kwa hiyo inaacha zote. OneDrive, huduma kama hiyo ya Microsoft, nayo huongeza jina la kompyuta mwishoni. Hilo pacha linalokukera ndilo limekuokoa.

Balaa ni pale ambapo pacha halitokei. Mtu anatumiwa faili WhatsApp, anaandika humo, kisha analipandisha juu ya lile la zamani kwa jina lilelile. Seva inaliona kama toleo jipya tu, kazi ya wenzake inafunikwa kimyakimya. Hapo kimbilia historia ya matoleo. Google Drive, kwa mafaili ya Excel yaliyopandishwa, hutunza ya nyuma kwa siku 30 au matoleo 100, kwa hiyo usikae miezi miwili ndipo ushtuke.

Sasa kuyaunganisha. Nakili yote mawili nje ya folda inayosinki (inayojipandisha yenyewe mtandaoni), kwenye flashi ni salama zaidi (desktop ya Windows mara nyingi nayo iko ndani ya OneDrive bila mwenyewe kujua). Hamishia karatasi ya faili la pili ndani ya nakala ya la kwanza, iite Nyingine. Kwenye safu tupu ya karatasi hiyo ya Nyingine andika =COUNTIF(Sheet1!A:A,A2), uburute mpaka chini (Sheet1 ni jina la karatasi ya faili la kwanza, kama yako ina jina jingine weka hilo). Penye 0, mstari huo haupo kwenye la kwanza, uhamishe. Kisha geuza, ikague karatasi ya kwanza dhidi ya Nyingine. Safu A iwe namba ya stakabadhi, siyo jina. Huku kwetu ukitafuta Mazengo utawapata wangapi? Mistari iliyopo kote lakini kilo zinatofautiana, hiyo hakuna fomula ya kuiamua, tafuta karatasi ya mzani. Kwa nyaraka za Word ni rahisi, nenda Review kisha Compare, itakuonyesha kila neno lililobadilika.

Chanzo cha kwako nakihisi: unaondoka ofisini faili likiwa wazi kwenye Excel, unaandika kwenye simu njiani, asubuhi Excel inahifadhi ile ya jana. Funga faili, subiri alama ya Dropbox pale pembeni ya saa ionyeshe imemaliza kusinki, ndipo uzime. Umeme ukikatika katikati, ukirudi fungua Dropbox kwanza, Excel baadaye. Na simu ikiwa kwenye kuokoa betri, programu inalala, hivyo unachofungua kinaweza kuwa cha juzi.

Sisi tulichofanya ni kuachana na faili la pamoja. Kila kituo kina lake, anaandika mmoja tu, mimi nasoma na kujumlisha kwenye langu. Kuna walionishauri Google Sheets, na penye mtandao wa uhakika ni nzuri kweli. Ila watu wawili wakiandika seli moja bila mtandao, anayefika mwisho anafunika mwenzake na pacha hulioni. Kwa kituo kama chetu sithubutu.

Mkuu, hiyo simu unaitumia kuandika au kusoma tu?