Hela ya Uingereza haitoshi ukoo mzima

Mbukwenyi, kwa salamu yetu Wagogo. Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo.

Ile sauti ya baba mdogo kwenye kundi la ukoo nimeisikiliza mpaka mwisho. Imeshatembea, maana hata watu wa Kibaigwa nisiowajua wananiandikia. Kwa ambaye haikumfikia: anasema mimi huku Uingereza napokea milioni saba kila mwezi kwa kukaa tu na wazee wa Kizungu, kwamba nimewasahau, na kwamba kwa vile ukoo umeongezeka, ni haki watoto wote wanaoingia kidato cha kwanza Januari niwabebe mimi. Mwishoni anasema ng'ombe wapelekwe mnadani Msalato, Dodoma, hela apewe wakala, mwanawe aje huku afanye kazi kama yangu.

Baba mdogo, nakuheshimu. Wewe ndiye uliyenishika mkono siku ya kwanza ya shule. Lakini nimekasirika, na umesema mbele ya watu, basi na mimi najibu mbele ya watu. Najua si ukoo wetu peke yake wenye maneno haya.

Naanza na ng'ombe kwa sababu hilo halingoji. Msiuze. Serikali ya hapa ilishafunga njia ya kuajiri watu wapya kutoka nje kwa kazi ya kulea wazee tangu tarehe 22 Julai 2025. Na kabla hata haijafungwa, tangu 11 Machi 2024 aliyekuja kwa kazi hii hakuruhusiwa kuja na mume, mke wala mtoto. Wakala anayewaambia leo kwamba amebakiwa na nafasi mbili hana hata moja, anataka ng'ombe zenu. Huku nimekutana na watu waliouza viwanja na nyumba kwao, wakafika wakakuta kampuni iliyowadhamini haina kazi ya kuwapa. Kibali chako kimefungwa kwa mwajiri. Akikuachisha, ukishaandikiwa barua na uhamiaji unakuwa na siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kufungasha. Mtu wa namna hiyo anatukanwa na msimamizi wake anasema asante. Mimi pia nimesema asante nyingi ambazo hazikutoka moyoni.

Sasa hiyo milioni saba. Haikutungwa. Tangu Aprili 2025 kima cha chini cha mlezi wa wazee aliyeletwa kwa udhamini ni pauni 25,000 kwa mwaka, yaani pauni 2,083 kwa mwezi, na ukiigeuza kuwa shilingi unaikaribia hiyo saba. Tatizo ni kwamba mnaihesabu kwa bei za soko la Majengo wakati mimi naitumia kwa bei za huku. Ikikatwa kodi, bima ya taifa na akiba ya uzeeni inabaki kama pauni 1,700. Chumba ni 650. Chumba, jamani, si nyumba; jiko na choo tunagawana na wapangaji wengine. Weka nauli, chakula, gesi ya kupasha joto kuanzia Oktoba, na fedha ninayotenga kwa ajili ya kuhuisha viza, ambayo nikiichezea nimejifukuza mwenyewe. Natuma pauni 400. Kwa sasa ni kama milioni moja na laki tatu.

Kuhusu "kukaa tu na wazee": zamu ni saa kumi na mbili. Unambadilisha mtu mzima nepi, unamwosha, unamlisha chakula kilichopondwa kijiko kwa kijiko, unaandika kila kitu, unahamia chumba kinachofuata. Wapo wanaonishika mkono na kunibariki. Yupo anayeomba aletewe mtu mwingine, mweupe. Hilo naliacha hapo, kwa sababu siyo linalonikosesha usingizi.

Linalonikosesha usingizi ni hiyo milioni moja na laki tatu na mahali inapokwenda.

Mwezi uliopita wifi alinipa hesabu yake, na namshukuru kwa kuiandika. Magunia mawili ya mahindi, kwa sababu mvua za msimu uliopita zilikata mapema na uwele haukujaza. Maji ya madumu, kwa sababu bomba la kijiji limekauka na punda wa kuchota ni wa kukodi. Dawa za presha za mama. Mchango wa harusi ya mtoto wa shangazi, mchango wa msiba wa jirani, tairi la bodaboda ya mdogo wetu, bando la kijana anayesema anatafuta kazi mtandaoni. Kwenye karatasi nzima hakuna bati moja, hakuna tofali, hakuna mbuzi wa kufuga. Ikifika tarehe kumi simu inaanza: "Shikamoo shangazi." Kisha kimya. Kisha: "Samahani kwa usumbufu." Nikiona shikamoo yenye kimya nyuma yake, tumbo linanikata, kwa sababu najua huyu ana shida ya kweli na sina kitu. Ni kuchota maji kwenye kisima cha mchanga korongoni, unajaza kibuyu huku kingo zinabomoka.

Na hapo ndipo namrudia baba mdogo na neno lake la ukoo kuongezeka. Amelitaja kama sababu ya mimi kutuma zaidi. Mimi nalitaja kama sababu ya hela kutoonekana hata nikituma zaidi.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 mkoa wa Dodoma. Ya 2022 ikakuta 3,085,625. Milioni moja ndani ya miaka kumi! Wapo waliohamia kuifuata serikali tangu Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba wote wahamie Dodoma. Lakini nchi nzima nayo inakua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, na kwa mwendo huo idadi inakuwa mara mbili katika miaka ishirini na mbili hivi. Mvua ya Ugogo haikui, msimu ni ule ule mmoja wa kuanzia Desemba. Shamba la babu halikui, linagawanywa. Mshahara wangu hauwezi kuwafukuzia watu wanaoongezeka hivyo.

Bibi yetu alizaa tisa akazika watano, wote wadogo, wengine kwa surua, wengine kwa kuhara. Kwa hesabu yake alikuwa sahihi: zaa wengi, Mungu atakubakishia wachache. Siku hizi watoto wanapona. Takwimu za afya za taifa zinasema vifo vya walio chini ya miaka mitano vilikuwa 67 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2015/16, vikashuka hadi 43 mwaka 2022. Vifo vya akina mama kwenye uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 vikatoka 556 hadi 104. Nikisoma namba hizo nafurahi mpaka machozi, kwa sababu shangazi yetu mkubwa alifia kwenye uzazi na mnajua kilichowapata wanawe. Lakini sisi bado tunazaa kwa hesabu ya bibi. Mwanamke wa kijijini Tanzania anazaa kwa wastani watoto 5.5, wa mjini 3.6. Kaka yangu ana wanane na mke wake hajafika arobaini.

Mwaka 2018 Rais Magufuli, apumzike kwa amani, alisema akiwa Meatu kwamba wanawake waachane na uzazi wa mpango, na baba mdogo aliishika kauli ile kama amri ya kanisani. Mimi namwambia mke wa kaka, na wadogo zangu wote wa kike: nendeni zahanati. Huduma hiyo kwenye vituo vya serikali ni bure. Usingoje mumeo arudi kutoka mnadani ndipo akuruhusu.

Najua mtanijibu nini. Kwamba mimi mwenyewe ni wa saba kuzaliwa kati ya tisa, na wazazi wangeishia wa nne leo asingekuwepo wa kutuma. Kweli kabisa, sina la kupinga. Na ninaelewa kwa nini tunazaa wengi. Wazee ninaowaosha hapa wana watoto wawili, mmoja, wengine hawana kabisa, na kila mwezi pensheni ya serikali inaingia kwenye akaunti zao. Zanzibar mzee aliyefika miaka 70 anapata pensheni jamii tangu 2016. Kwetu bara, mkulima wa uwele wa Chamwino akizeeka anamtegemea nani? Watoto. Sera inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza atibiwe bure, na mama ana kitambulisho hicho, lakini akifika dirishani anaambiwa dawa zimekwisha, akanunue duka la nje. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa bungeni, hapo hapo Dodoma, mwaka 2023. Mpaka leo dawa ya mama inatoka kwenye simu yangu. Kwa hiyo mkizaa wengi mnajiwekea akiba pekee mnayoijua, na hiyo akiba ndiyo mimi. Mmoja kati ya tisa aliyefika mbali, akawa pensheni, hospitali na ghala la watu arobaini. Sitoshi. Nasema kwa upendo na nasema kwa uchungu, kwa sababu mimi ndiye niliyeondoka, na kila asubuhi napima presha ya mama za watu wakati ya mama yangu inapimwa na yeyote atakayepata nafasi.

Haya, sasa maneno ya kufanyia kazi.

Kijana wa baba mdogo, usije. Hapo ulipo mji unajengwa mbele ya macho yako: Mtumba, mji wa serikali, inajengwa, Ihumwa na Nzuguni zimejaa nyumba mpya, treni ya SGR inafika kutoka Dar tangu 2024. Hizo nyumba zote zinataka bomba, umeme, vigae, na mafundi wengi wanatoka mikoa mingine huku wewe umekaa kijiweni. Nenda VETA. Nimesema msiuze ng'ombe, lakini kwa ada ya VETA uzeni mmoja, hata wawili, na kifaa cha kwanza cha kazi nitanunua mimi. Na ikitokea siku moja umepata nafasi halali ya nje, ya kusoma au ya ufundi, mwajiri amekuandikia mwenyewe na hakuna aliyekudai hela ya kupewa kazi, basi njoo, na utakapofika nitakupokea stendi na koti mkononi. Ila kwa wakala usije.

Msiuze shamba la zabibu. Mnakumbuka lile la upande wa Ihumwa, lilikwenda kwa bei ya mbuzi kabla mji haujafika, na leo mwenye kiwanja pale ni mtu wa Dar. Akija dalali na maneno matamu, mwambieni hati iko kwangu.

Watoto wa kidato cha kwanza. Shule za serikali hazidai ada kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, kwa hiyo mtu asiniambie "ada". Semeni sare, viatu, madaftari, godoro, chakula, nitaelewa. Shule za binafsi za Kiingereza sitalipa, hata kwa mtoto mwenye akili kuliko wote. Nitaanza na wasichana. Mtalalamika kwamba nawabagua wavulana, lalamikeni. Msichana akibaki nyumbani mwaka mmoja anakuja mtu na mahari, na Sheria ya Ndoa ya 1971 bado inaruhusu aolewe akiwa na miaka 15. Na yule binti wa kaka aliyejifungua akiwa kidato cha pili arudi darasani. Ruhusa ipo tangu Novemba 2021, waziri aliitangaza, hakuna mwalimu wa kumkataza. Mtoto wake ana bibi. Nisisikie tena kwamba "ameshaharibika".

Michango ya harusi nimeacha kuanzia sasa. Ya misiba nitatoa, maana siwezi kuja kulia nanyi. Njaa ikiingia, nipigieni hata usiku wa manane, msione aibu, sitamwacha mtu wa nyumba yetu alale bila ugali eti kwa sababu tumekubaliana bajeti. Lakini bajeti tumekubaliana.

Baba mdogo, ng'ombe warudi zizini leo. Wifi, nitumie namba za viatu vya hao mabinti kabla ya Krismasi, na picha ya kadi ya mama ya kliniki. Na ajitokeze mtu mmoja wa kumpeleka kila mwezi. Nauli nitatuma. Nataka jina.